Maisha ya Amedeo Avogadro na Ufundishaji wa Uwiano wa Moli

Mwaka mmoja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu nikimtazama mwanachuo wetu akifundisha uwiano wa moli. Aliandika ubaoni mlinganyo wa kuundwa kwa amonia, N₂ + 3H₂ → 2NH₃, kwa hati safi kabisa, akaeleza kwamba moli moja ya naitrojeni huungana na moli tatu za haidrojeni na kutoa moli mbili za amonia. Kisha akaanza kuandika zoezi. Kabla hajamaliza, msichana aliyeketi karibu na dirisha alinyosha mkono, akauliza kwamba ikiwa moja na tatu ni nne, hizo mbili nyingine zimekwenda wapi. Darasa likacheka. Mwanachuo naye akatabasamu, akamjibu kwamba ndiyo kanuni ya kusawazisha milinganyo, akaendelea na zoezi lake. Nilipopita kati ya madawati baadaye niliona kwamba karibu nusu ya wanafunzi walikuwa wameandika kuwa gramu moja ya naitrojeni huhitaji gramu tatu za haidrojeni.

Tulipokaa kuzungumza baada ya kipindi sikumlaumu sana, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini nilimwambia kuwa swali alilolipita lilikuwa ndilo somo lenyewe. Swali la msichana yule liliwasumbua wanakemia mashuhuri wa Ulaya kwa muda wa miaka 50, na mtu aliyelijibu sawasawa alikufa kabla jibu lake halijakubaliwa. Maisha ya mtu huyo ni haba kwa visa, wala hayasomeki kama hadithi ya shujaa. Hata hivyo yamo mambo ndani yake ambayo mwalimu wa kemia hana budi kuyajua kabla ya kushika chaki.

Amedeo Avogadro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1776 katika mji wa Turin, kaskazini ya Italia, ambao zama hizo ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Sardinia. Baba yake, Filippo, alikuwa mwanasheria mkubwa wa serikali, na ukoo wao ulikuwa wa masharifu wenye cheo cha kurithi. Ilitazamiwa kwamba kijana atafuata njia ya wazee wake, naye aliifuata: mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 20, alipata shahada ya udaktari katika sheria za kanisa, akaanza kufanya kazi ya uanasheria. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake hutajwa leo katika kila kitabu cha kemia hakupata kusomea kemia chuoni. Yapata mwaka 1800 alianza kujifunza hisabati na fizikia kwa juhudi zake mwenyewe. Mwaka 1803 yeye na ndugu yake Felice walipeleka andiko juu ya umeme kwenye Akademia ya Sayansi ya Turin, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mwanachama wa mbali wa Akademia hiyo. Mwaka 1809 akawa mwalimu wa fizikia katika chuo cha Vercelli, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mpunga kati ya Turin na Milan.

Huko Vercelli, mbali na maabara kubwa za Paris na London, ndiko alikoandika kurasa zilizomfanya ajulikane. Hakuwa na vyombo vya maana, wala hakuwa mtaalamu wa majaribio. Alichokuwa nacho ni maandishi ya watu wengine, na subira ya kuyasoma pamoja hadi yapatane. Ili tuelewe alichokifanya yatupasa kwanza tutazame yaliyokuwa yakijulikana juu ya amonia.

Harufu ya amonia ilijulikana tangu kale, kwani hutoka katika samadi na katika mikojo iliyokaa. Lakini Joseph Priestley wa Uingereza ndiye aliyeikusanya kama gesi safi, katika miaka ya 1770. Kwa kuwa amonia huyeyuka upesi mno katika maji, aliikusanya juu ya zebaki badala ya maji. Mwaka 1785 Mfaransa Claude Louis Berthollet alionyesha kwamba gesi hiyo imeundwa kwa naitrojeni na haidrojeni peke yake. Njia yenyewe ni nzuri kuielezea darasani, maana ina hesabu ndani yake. Chukua mililita 100 za amonia katika bomba lililofungwa kwa zebaki, upitishe cheche za umeme kwa muda mrefu. Gesi itaongezeka hadi kukaribia mililita 200. Sasa ongeza mililita 100 za oksijeni, ulipue mchanganyiko kwa cheche moja, uache upoe. Maji yaliyotokea huwa tone dogo lisilohesabika, na gesi iliyobaki ni mililita 75 tu. Zimepotea mililita 225. Kwa kuwa maji hutokana na sehemu mbili za haidrojeni kwa sehemu moja ya oksijeni, theluthi mbili ya zilizopotea, yaani 150, zilikuwa haidrojeni. Basi katika zile mililita 200 za mwanzo, 150 zilikuwa haidrojeni na 50 naitrojeni: tatu kwa moja. Mwanafunzi anayeweza kulikokotoa jambo hili kwa kalamu yake haambiwi tena kwamba amonia ni NH₃ kama anavyoambiwa jina la mji mkuu wa nchi ya mbali.

Mwisho wa mwaka 1808 Joseph Louis Gay-Lussac aliusomea mkutano wa wanasayansi wa Paris kanuni yake juu ya gesi. Alionyesha kwamba gesi zinapoungana huungana kwa ujazo wenye uwiano wa namba ndogo kamili, na ikiwa zao lao ni gesi, ujazo wa zao hilo nao huwa na uwiano mwepesi. Lita moja ya oksijeni kwa lita mbili za haidrojeni hutoa lita mbili za mvuke wa maji. Lita moja ya naitrojeni kwa lita tatu za haidrojeni hutoa lita mbili za amonia.

Mwaka huo huo wa 1808, John Dalton wa Manchester, naye pia mwalimu, alikuwa ametoa kitabu chake cha nadharia ya atomi. Dalton alisema kila elementi ina atomi zake zenye uzito wake, lakini hakuwa na njia ya kujua ni atomi ngapi za aina hii zinazoungana na ngapi za aina ile. Aliweka kanuni ya wepesi: ikiwa elementi mbili zinajulikana kuunda kampaundi moja tu, basi ichukuliwe kuwa ni atomi moja kwa moja. Kwa hiyo maji yakawa atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, na amonia ikawa atomi moja ya naitrojeni na moja ya haidrojeni. Kwa uzito, amonia ina sehemu 14 za naitrojeni kwa sehemu 3 za haidrojeni. Gawanya 14 kwa 3 upate karibu 4.7. Dalton, kwa vipimo vya wakati wake, akaandika kwamba atomi ya naitrojeni ina uzito wa 5, ikiwa haidrojeni ni 1. Mwalimu asiicheke namba hiyo. Hesabu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika fomula, na fomula haikuwa imepimwa bali imekisiwa. Mwanafunzi wetu anayekariri NH₃ bila kujua imetoka wapi yuko mahali pale pale alipokuwa Dalton, ila bahati imemwangukia kukariri iliyo sahihi.

Mtu angedhani kwamba Dalton angeifurahia kanuni ya Gay-Lussac, kwa kuwa ujazo wenye namba kamili unafanana sana na atomi zenye namba kamili. Hakuifurahia hata kidogo; alishuku vipimo vyenyewe. Naye alikuwa na sababu. Kama lita moja ya gesi yoyote ina idadi sawa ya chembe, basi chembe moja ya naitrojeni huzaa chembe mbili za amonia. Katika kila moja ya hizo mbili lazima imo naitrojeni. Basi chembe ya naitrojeni imekatwa vipande viwili. Na atomi, kwa maana yake, haikatiki. Tena lita ya amonia ni nyepesi kuliko lita ya naitrojeni: katika nyuzi sifuri na shinikizo la kawaida la hewa, ya kwanza ina uzito wa gramu 0.76 hivi na ya pili gramu 1.25. Yawezekanaje kitu kilichoongezewa kitu kingine kiwe chepesi kuliko kilivyokuwa peke yake? Hoja hizi si za kipuuzi. Ni swali la yule msichana wa karibu na dirisha, limevaa nguo nyingine tu.

Avogadro alilijibu mwaka 1811 katika makala aliyoyaandika kwa Kifaransa, yakachapishwa katika jarida la fizikia na kemia la Paris. Alisema kwanza kwamba gesi zote zenye ujazo sawa, katika halijoto sawa na shinikizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Kisha akasema jambo la pili, ambalo vitabu vyetu vya shule hulipitia mbio: molekuli za gesi za elementi si lazima ziwe chembe za mwisho zisizogawanyika. Huweza kuwa na sehemu mbili au zaidi za elementi ile ile, na sehemu hizo huachana wakati wa mmenyuko. Kwa maji alisema ni nusu ya molekuli ya oksijeni pamoja na molekuli moja ya haidrojeni. Kwa amonia alisema ni nusu ya molekuli ya naitrojeni pamoja na molekuli moja na nusu ya haidrojeni. Zile nne zilizokuwa zimekwenda mbili hazikupotea popote. Chembe zilivunjika, zikapangwa upya katika mafungu machache yenye vitu vingi zaidi ndani yake. Nayo amonia ni nyepesi kuliko naitrojeni kwa sababu kila molekuli yake imechukua nusu tu ya ile molekuli nzito.

Kutoka hapo alifika mbali zaidi. Ikiwa lita moja ya kila gesi ina idadi sawa ya molekuli, basi kupima lita ya gesi kwenye mizani ni sawa na kulinganisha uzito wa molekuli moja moja. Kwa vipimo vya siku zake alipata kwamba molekuli ya naitrojeni ni nzito kuliko ya haidrojeni mara 13 na kidogo, na ya oksijeni mara 15 na kidogo. Leo twasema 14 na 16 kwa kukadiria. Tofauti ilitokana na mizani na usafi wa gesi, si mawazo. Mtu aliyekaa katika chuo cha mji mdogo, pasipo kufanya jaribio jipya hata moja, alikuwa ameshika ufunguo wa uzito wa atomi na wa fomula pamoja.

Jambo moja lilimponza, nalo lahusu lugha, kwa hiyo lituguse sisi tunaofundisha kwa lugha moja huku kitabu kikiwa kwa lugha nyingine. Avogadro hakulitumia neno atomi kwa kile alichokuwa akikieleza. Aliita kila kitu molekuli, akiongeza maneno ya kutofautisha: molekuli kamilifu, molekuli ya elementi, na kadhalika, na mara nyingine msomaji hakujua ni ipi aliyokusudia. Aliandika kwa kujikunja, hoja juu ya hoja, bila mfano wa picha wala jedwali lililo wazi. Nimeona wanafunzi wengi wakianguka katika shimo hili hili, wakisema moli moja ya naitrojeni bila kuulizwa kama ni moli ya atomi au ya molekuli. Ya kwanza ni gramu 14, ya pili gramu 28. Mwalimu asiyedai neno hilo moja la nyongeza katika kila jibu atavuna makosa mwaka mzima.

Lakini lugha peke yake haitoshi kueleza ukimya uliofuata. Mwaka 1814 Mfaransa André-Marie Ampère alitoa wazo linalofanana na hilo, naye hakusikilizwa vizuri. Aliyetawala mawazo ya kemia wakati huo alikuwa Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, aliyefundisha kwamba atomi huungana kwa sababu moja ina umeme chanya na nyingine umeme hasi. Kwa fikra hiyo, atomi mbili za naitrojeni, zenye umeme wa aina moja, zingefukuzana, haiwezekani zishikamane. Baadaye, tangu mwaka 1826, Jean-Baptiste Dumas alipima mvuke wa zebaki, wa salfa na wa fosforasi, akapata majibu yasiyopatana na nusu-nusu za Avogadro. Twajua sasa kwamba molekuli za mvuke wa zebaki zina atomi moja moja na za fosforasi zina atomi nne nne, lakini wakati ule ilionekana kwamba nadharia yenyewe imevunjika.

Avogadro mwenyewe hakupiga kelele. Alikuwa mtu mpole, asiyesafiri sana, mwenye mke aliyeitwa Felicita na watoto sita. Mwaka 1820 Chuo Kikuu cha Turin kilimpa kiti kipya cha fizikia ya hisabati, cha kwanza cha namna yake katika Italia, na ikaonekana kwamba mambo yake yamenyooka. Mwaka 1821 yakatokea machafuko ya kisiasa katika ufalme, wanafunzi wakiwa miongoni mwa waliotaka katiba. Serikali iliporudisha mamlaka yake ilikifuta kiti hicho, na Avogadro akabaki na cheo cha heshima na malipo madogo. Alirudi katika kazi za sheria. Kiti kilifufuliwa mwaka 1832, lakini kwanza alipewa Augustin-Louis Cauchy, mwanahisabati mkubwa aliyekuwa uhamishoni kutoka Ufaransa. Avogadro alirudishwa mwaka 1834, akafundisha hadi mwaka 1850 alipostaafu akiwa na miaka 74. Kati ya mwaka 1837 na 1841 alitoa kitabu kikubwa cha fizikia chenye majuzuu manne. Alifariki tarehe 9 Julai 1856. Wanakemia wengi wa nje ya Italia hawakujua kwamba amekufa, kwa kuwa hawakuwa wamejua kwamba yupo.

Katika habari hii yote, sehemu inayomfaa zaidi msomaji wa jarida hili ni ile iliyotokea baada ya kifo chake, maana aliyemfufua Avogadro alikuwa mwalimu aliyekuwa akitafuta namna ya kupanga somo lake. Stanislao Cannizzaro, mzaliwa wa Palermo, alishiriki katika maasi ya Sicily ya mwaka 1848, akakimbilia Ufaransa, kisha akarudi kufundisha katika Alessandria na baadaye katika Chuo Kikuu cha Genoa. Wakati huo vurugu za fomula zilikuwa zimefika mahali pa kuchekesha; kitabu kimoja cha mwaka 1861 kiliweza kuorodhesha fomula 19 zilizopendekezwa kwa asidi ya siki peke yake. Cannizzaro hakuweza kuwafundisha wanafunzi wake katika hali hiyo. Mwaka 1858 alichapisha muhtasari wa kozi yake, mhadhara baada ya mhadhara. Haukuwa na ugunduzi mpya. Ulikuwa, kwa maneno yetu, andalio la masomo. Katika mhadhara wa kwanza alianza na historia: kanuni ya Gay-Lussac, kisha wazo la Avogadro na la Ampère, kisha akaonyesha kwa nini wengine walilikataa.

Baada ya hapo akatumia njia ambayo naipendekeza kwa kila mwalimu, hata asipokuwa na maabara. Pima kila gesi ni nzito mara ngapi kuliko haidrojeni ya ujazo ule ule, kisha zidisha kwa 2, kwa kuwa molekuli ya haidrojeni huhesabiwa kuwa na nusu mbili. Amonia ni nzito kuliko haidrojeni mara 8.5, basi molekuli yake ni 17. Mvuke wa maji mara 9, basi 18. Gesi ya kloridi ya haidrojeni mara 18.25, basi 36.5. Methani mara 8, basi 16. Sasa uliza: katika kila moja ya uzito huo, kiasi gani ni haidrojeni? Uchambuzi wajibu kwamba katika kloridi ya haidrojeni ni 1, katika maji 2, katika haidrojeni yenyewe 2, katika amonia 3, katika methani 4. Haionekani popote nusu wala robo. Fanya hivyo hivyo kwa naitrojeni: katika amonia 14 kati ya 17, katika oksidi ya naitrojeni yenye uzito wa 30 ni 14, katika ile yenye uzito wa 44 ni 28, katika gesi ya naitrojeni yenyewe ni 28. Kiasi kidogo kuliko vyote ni 14, na vingine vyote ni mafungu yake kamili. Hicho ndicho kiasi tunachokiita atomi. Na amonia, ikiwa na 14 moja na 1 tatu, haina njia ila kuwa NH₃. Niliwahi kuyaandika majedwali haya mawili ubaoni bila kutaja neno fomula, nikawaacha wanafunzi wayatazame. Waliipata wenyewe kabla kengele haijalia, na sitadai kwamba masomo yangu yote huenda hivyo.

Mnamo Septemba 1860 wanakemia wapatao 140 walikutana Karlsruhe, Ujerumani, ili wapatane juu ya atomi, molekuli na fomula. Walizungumza kwa siku tatu bila kufikia uamuzi wa maana. Walipokuwa wakiagana, rafiki yake Cannizzaro, Angelo Pavesi, aliwagawia nakala za ule muhtasari wa masomo. Wengine waliusoma wakiwa njiani kurudi kwao. Lothar Meyer aliusoma na mashaka yake yakaisha. Dmitri Mendeleev, kijana wa miaka 26 kutoka Urusi, alikuwa mkutanoni, na jedwali lake la elementi la mwaka 1869 lisingewezekana pasipo uzito wa atomi uliopatikana kwa njia hiyo.

Kulibaki kikwazo kimoja, nacho kilitoka kwa amonia tena. Kloridi ya amonia inapopashwa moto na kugeuka mvuke, mvuke huo huwa na nusu tu ya uzito unaotakiwa na kanuni ya Avogadro. Wapinzani waliushikilia mfano huo kwa furaha. Jibu lilikuwa kwamba mvuke huo si kitu kimoja: molekuli zimeachana zikawa amonia na kloridi ya haidrojeni, kwa hiyo idadi yao ni maradufu. Mwaka 1862 ilithibitishwa kwa kuuacha mvuke upenye kizuizi chenye vitundu. Amonia, iliyo nyepesi, ilitangulia kupita, ikajulikana kwa karatasi ya litimasi. Jaribio la namna hii twaweza kulifanya shuleni. Kloridi ya amonia kidogo katika bomba la majaribio, pamba nyepesi juu yake, karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa mdomoni mwa bomba, na moto mdogo. Karatasi hugeuka buluu kwanza, kisha baadaye hurudi nyekundu asidi inapofika. Madirisha yawe wazi.

Neno moli lenyewe lilikuja mwishoni mwa karne ya 19 kwa Wilhelm Ostwald. Idadi ya molekuli katika moli moja, ambayo Avogadro hakupata kuikadiria kamwe, iliitwa kwa jina lake na Jean Perrin mwaka 1909. Mwaka 1971 moli iliwekwa kuwa kipimo cha msingi cha kimataifa, na tangu Mei 2019 idadi hiyo imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Naona ni kosa kuanza somo na namba hii. Ilikuwa ya mwisho kufika, nasi twaiweka mlangoni, watoto wanaogopa kuingia.

Mwaka ule ule wa 1909, katika mji ule ule wa Karlsruhe, Fritz Haber alionyesha mtambo uliotengeneza amonia kutoka naitrojeni na haidrojeni kwa shinikizo la karibu mara 200 ya lile la hewa. Sababu ya shinikizo kubwa ni ile nne kwenda mbili: gesi inapobanwa, mmenyuko huelekea upande wenye molekuli chache. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1913 kilianza kiwanda cha Oppau, na kwa njia hiyo hupatikana mbolea tunayonyunyiza katika shamba la shule. Hapa uwiano wa moli hupata maana ya kilo na shilingi. Amonia ni asilimia 82 naitrojeni. Urea, yenye uzito wa 60 na ndani yake 28 za naitrojeni, ni asilimia 46 hadi 47. Salfeti ya amonia, yenye uzito wa 132 na 28 zile zile, ni asilimia 21. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni ya kilo 23 hivi, na ule wa salfeti una kilo 10 na nusu hivi. Waulize wanafunzi ni upi ulio rahisi dukani, nao watakokotoa bila kusukumwa.

Mwanachuo wangu aliomba kurudia kipindi chake juma lililofuata. Safari hii alileta kunde na punje za mahindi, akazibandika mbili mbili kwa udongo wa mfinyanzi: kunde mbili kwa naitrojeni, mahindi mawili mawili kwa haidrojeni. Aliwapa kila kundi jozi moja ya kunde na jozi tatu za mahindi, akawaambia wazivunje, waunde vifungu vya kunde moja na mahindi matatu. Vilitoka viwili. Punje zilikuwa nane mwanzo na nane mwisho, na uzito kwenye mizani haukubadilika. Kisha akaenda kwenye uzito, 28 kwa 6 kutoa 34, na wachache sana ndio waliosema tena gramu moja kwa gramu tatu.

Msichana wa karibu na dirisha alinyosha mkono tena. Safari hii aliuliza walijuaje kwamba jozi ni ya mbili, si ya nne. Mwanachuo alinitazama, nami nikamtazama, kwa sababu ni swali ambalo Avogadro mwenyewe aliliona, akakiri katika makala yake kwamba mgawanyo waweza kuwa wa nne au wa nane. Lita moja ya haidrojeni na lita moja ya klorini hutoa lita mbili za kloridi ya haidrojeni, jambo linaloonyesha kuwa haidrojeni hugawanyika angalau mara mbili. Na katika gesi zote zilizopimwa tangu hapo haijapatikana hata moja inayohitaji robo. Mwaka 1876 Kundt na Warburg walipima kasi ya sauti ndani ya mvuke wa zebaki, wakapata ushahidi kwamba molekuli zake ni za atomi moja moja, na kwamba haidrojeni na naitrojeni zafuata kanuni ya jozi. Mwanachuo aliandika swali hilo pembeni ya ubao, akawaahidi kulijibu kipindi kijacho.